Ritifaa imekaa wapi? Kutatua makosa ya umilikaji wa wingi katika Kiingereza

Kila mwaka, siku mbili tatu kabla ya tarehe 8 Machi, kazi kubwa kwenye steshenari yangu huwa ni mabango ya Siku ya Wanawake. Mwaka mmoja kikundi kimoja kilileta maandishi yake kwenye flashi, nami nikachapa kama yalivyo: mita tatu kwa moja, herufi za zambarau juu ya nyeupe, “INTERNATIONAL WOMENS’ DAY”. Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alipokuja kulichukua alivaa miwani, akalitazama kimya, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hiyo ritifaa imekaa wapi?”

“Ipo, mwalimu. Si hiyo hapo mwisho?”

“Naiona. Nimekuuliza imekaa wapi.”

Tukakata kipande cha stika nyeupe chenye upana wa ukucha, tukaifunika ile alama, kisha nikachora nyingine kwa kalamu nene kati ya N na S, mahali ambapo hapakuwa na nafasi. Kwa mbali ilionekana kama nzi ametua kwenye bango.

Tangu siku hiyo, andiko lolote la Kiingereza lenye s za mwisho nalikagua kabla halijafika kwenye mashine. Hapa chini nimeandika dalili ninazokutana nazo, kinachozisababisha na ninavyozitibu. Ila kwanza lazima tukubaliane juu ya ugonjwa wenyewe.

Kwa nini masikio hayasaidii

Sisi ritifaa tunaijua kwenye ng’ombe, ng’ambo na ng’oa. Pale ina kazi ya sauti: iondoe, na msomaji atatamka kitu kingine. Kiswahili kinaandika kinachosikika, kwa hiyo mtoto akishajua kutamka “ng’ombe” amebakiza hatua moja tu kujua kuliandika.

Kwenye umilikaji wa Kiingereza alama hiyohiyo haina sauti. Fumba macho, mwambie mtu akusomee “teachers”, “teacher’s” na “teachers’”. Utasikia neno moja mara tatu. La kwanza ni walimu tu, la pili ni kitu cha mwalimu mmoja, la tatu ni kitu cha walimu wengi, na tofauti yote ipo machoni. Ndiyo maana mtu anayezungumza Kiingereza safi kabisa anaweza kukuletea barua iliyojaa makosa haya. Hata Waingereza hawakuzaliwa nayo. Wachapaji wao waliichukua kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 16, wakaitumia kuonyesha herufi iliyodondoshwa. Kuitumia kwa mmiliki mmoja kulikuja kuzoeleka baadaye, na kuiweka nyuma ya s ya wingi kulichelewa zaidi, hadi karne ya 18. Ni sheria ya juzi, na bado wanaikosea.

Kipimo cha kwanza kwa kila tatizo

Rudi kwenye Kiswahili. Sisi tunataja kitu kwanza, halafu mwenyewe, na katikati tunaweka kile ambacho vitabu vya sarufi hukiita -a unganifu: ofisi ya walimu, bweni la wasichana, chama cha wakulima. Kiingereza kinapindua mpangilio, mwenye mali anatangulia. Sasa tazama neno lililokuja baada ya ya, la au cha. Ni mwalimu au walimu? Kama ni walimu, andika neno lake la Kiingereza hadi mwisho, pamoja na s yake ya wingi: “teachers”. Neno likishakamilika ndipo uchukue ritifaa na kuiweka nyuma yake: “teachers’ office”. Kama neno la wingi halina s mwishoni, ongeza ritifaa kisha s.

Nusu ya makosa ninayoyaona yanatokana na kuanza na alama kabla ya kumaliza neno. Mtu anaandika “teacher”, anakumbuka kwamba kuna umiliki, anabandika ’s upesi, na wale walimu wengine kumi na tisa wanabaki nje ya ofisi.

Kipimo hiki kina tundu moja. Kwenye ngeli ya I-ZI, na kwa wanyama wengi, neno letu halibadiliki: ndege mmoja ni ndege, ndege elfu ni ndege. “Kelele za mbwa” ni za mbwa mmoja au wa mtaa mzima? Hapo uliza hesabu. Maziwa ya ng’ombe kama aina ya maziwa, tofauti na ya mbuzi au ya unga, Kiingereza huyaita “cow’s milk”, ng’ombe mmoja akisimama kwa niaba ya wote. Lakini maziwa ya ng’ombe wetu sita, waliokamuliwa asubuhi hii, ni “our six cows’ milk”. Kondoo ndiye anayenifurahisha, maana kwa Kiingereza naye anatuiga: “sheep” mmoja, “sheep” mia. Zizi lake ni “the sheep’s pen” kwa vyovyote vile, na ritifaa haiwezi kukwambia ni wangapi wamelala humo.

Dalili: alama ipo kabla ya s, na wenye mali ni wengi

“The student’s results are on the notice board.” Matokeo ya mwanafunzi gani? Kama ni ya darasa zima, iwe “the students’ results”.

Sababu ya kwanza nimeshaitaja. Ya pili ni simu. Unaandika “students”, simu inakupendekezea “student’s” kwa sababu imeizoea, nawe unagusa bila kutazama. Usitegemee kwamba kompyuta itapiga mstari mwekundu chini yake. “Student’s” ni neno halali, lina tahajia sahihi, na kompyuta haijui shuleni kwenu mna wanafunzi wangapi. Programu mpya zinazokagua sarufi hugundua baadhi, lakini nimeziona zikipitisha “the parent’s meeting” bila wasiwasi wowote. Mkutano wa mzazi mmoja.

Dalili: womens’, childrens’, mens’

Hili ndilo la bango langu. Huyu si mzembe, huyu amesoma: aliambiwa kwamba wingi huweka ritifaa nyuma ya s, akalishika hilo, akalitumia kila mahali. Tatizo ni kwamba “women” tayari ni wingi. Haina s ya wingi, na haihitaji. S unayoisikia kwenye “women’s” ni ya umiliki peke yake, kwa hiyo alama inasimama kati: “women’s”, “men’s”, “children’s”. Jaribu kufunika kila kitu kuanzia ritifaa kwenda kulia. Kwenye “children’s” kinabaki “children”, neno zima. Kwenye “childrens’” kinabaki “childrens”, neno lisilokuwepo. Kipimo hiki cha kufunika kwa kidole ni cha haraka kuliko vyote, na ndicho mwalimu wangu mwenye miwani alichonionyesha siku ile, kidole chake kikiwa juu ya fleksi.

Kuna neno moja linalohitaji uangalifu zaidi, nalo ni “people”. Kwa kawaida ni wingi wa mtu, na umiliki wake ni “people’s”. Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 iliitwa Jamhuri ya Watu, na kwa Kiingereza “People’s Republic”, ritifaa kabla ya s. Lakini nenda Arusha, kwenye mahakama ya Afrika inayoshughulikia haki za binadamu, usome jina lake: “African Court on Human and Peoples’ Rights”. Alama iko nyuma. Wageni wengi hudhani ni kosa la mchapaji, na nimeshaona watu wakilisahihisha kwenye barua zao. Si kosa. Kiingereza kina “people” kwa maana ya watu, na pia “a people” kwa maana ya jamii au taifa moja lenye utambulisho wake. Mataifa mengi ni “peoples”, na haki zao ni “peoples’ rights”. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1981, ambao mahakama hiyo inausimamia, unataka kulinda haki za mtu mmojammoja na pia haki za jamii nzimanzima, kama haki ya kujiamulia mambo yao na kufaidi mali asili zao. Kiswahili kinaandika “Haki za Binadamu na Watu”, na neno letu watu linabeba maana zote mbili bila kulalamika. Kwa Kiingereza mzigo huo wote umewekwa juu ya mkao wa alama moja ndogo. Kwa hiyo ukiwa unaandika barua kwenda pale, acha jina lilivyo.

Dalili: ritifaa ipo, mwenye mali hayupo

“We repair phone’s.” “Hot chip’s and egg’s.” “The Mushi’s invite you to the wedding of their daughter.” Hapa hakuna kinachomilikiwa. Ni wingi mtupu, na wingi mtupu hautaki alama. Waingereza wana utani wao kwa kosa hili, wanaliita ritifaa ya muuza mboga, kwa sababu ya vibao vya bei sokoni kwao. Kwa hiyo usione aibu sana, ila usichapishe.

Kipimo: tafuta kitu kinachofuata. Baada ya “phone’s” kuna nini cha simu? Hakuna, kuna nukta. Futa.

Majina ya ukoo yanasumbua zaidi kwa sababu kadi ya harusi haina marudio. Ukoo mzima ni “the Mushis”. Nyumba yao ni “the Mushis’ house”. Majina yetu mengi huishia kwa irabu, basi ni s tu, kazi rahisi. Likiishia kwa s lenyewe, kama Abbas, familia inakuwa “the Abbases” na nyumba yao “the Abbases’ house”. Linatisha kulitazama, lakini ndivyo. Mteja akikataa, namshauri aandike “the Abbas family” na sote tunalala usingizi.

Vifupisho navyo vifuate njia hiyohiyo. Wabunge ni “MPs”. Mishahara yao, habari isiyochuja kamwe, ni “MPs’ salaries”. “MP’s salary” ni ya mbunge mmoja. Miaka ya tisini ni “the 1990s”, bila alama.

Dalili: kitenzi kimemfuata asiyehusika

“The girls’ dormitory are very old.” Alama iko sahihi, ila sentensi imepinda. Mwandishi amesikia “girls” karibu na kitenzi, akadhani wao ndio wanaozungumziwa. Kwenye Kiswahili kosa hili halitokei kirahisi, kwa sababu kitu kinatangulia na kila neno linamfuata yeye: bweni la wasichana limechakaa. Huwezi kusema bweni la wasichana wamechakaa bila watu kucheka. Fanya vivyo hivyo: kilichochakaa ni bweni, bweni ni moja, basi “the girls’ dormitory is very old”. Mabweni yakiwa mawili, “the girls’ dormitories are”.

Ndugu wa kosa hili ni hofu ya “a”. Mtu anaandika “a woman’s group” akimaanisha kikundi cha wanawake, kwa sababu amefundishwa kwamba “a” haikai mbele ya wingi. Ile “a” haiwahusu wanawake, inahusu kikundi. “A women’s group”, “a girls’ school”, “a farmers’ cooperative” ni sahihi kabisa. Kikundi kimoja, wanawake ishirini.

Dalili: barua ya kazi ina “five years experience”

Hii naiona kila wiki. Mtu anaomba kazi, ana uzoefu wa miaka mitano, na anashangaa nikimwambia kwamba hapo kuna umiliki. Sema kwa Kiswahili: uzoefu wa miaka mitano. Ile wa ndiyo hiyo. Kiingereza kinauona muda kama mwenye mali: “five years’ experience”, “two weeks’ leave”, “three months’ salary”. Ikiwa ni mwaka mmoja, “one year’s experience”.

Ukisema “five years of experience” hakuna alama, maana “of” imeshafanya kazi. Na muda ukigeuka kuwa kivumishi chenye kistari, s nayo inaondoka: “a five-year contract”. Nimewahi kuona barua moja yenye “five year’s”, “five years” na “5-years” katika aya moja. Chagua njia moja, ifuate hadi kwenye sahihi.

Dalili: wenye mali wawili, alama moja

“Watoto wa Juma na Asha” kwa Kiswahili inaweza kuwa watoto waliowazaa pamoja, au wa Juma kwake na wa Asha kwake. Tunaelewana kwa kuwajua wahusika. Kiingereza kinatenganisha. Waliozaa pamoja: “Juma and Asha’s children”, alama kwa wa mwisho tu. Kila mtu na wake: “Juma’s and Asha’s children”. Kwenye barua ya shule kuhusu ada, tofauti hii inaweza kuleta ugomvi, hivyo muulize mteja kabla ya kuchapa, kwa adabu.

Mama wakwe nao wana mambo yao. Mmoja ni “mother-in-law”, wawili ni “mothers-in-law”, na s ya wingi inakaa katikati. Kitu chao kinakuwa “mothers-in-law’s”. Sijawahi kulichapa, na sitamani.

Dalili: umerekebisha, wamekwambia umeharibu

Majina rasmi hayafuati sheria, yanafuata cheti. Tume ya walimu ya Kenya, iliyomo kwenye Katiba ya 2010, inaandikwa “Teachers Service Commission”, bila alama yoyote. Ligi ya Mabingwa Ulaya ni “Champions League”, bila alama. Hapo maneno ya wingi yamechukuliwa kama maelezo tu, ligi yenye mabingwa, na wala si mali yao. “Sports day” na “savings account” ziko hivyohivyo, na hizo kila mtu anaziandika vizuri kwa sababu hajawahi kuzifikiria.

Mashabiki wa mpira wana mfano mzuri zaidi. Uwanja wa Newcastle ni “St James’ Park”. Wa Exeter City ni “St James Park”. Na bustani iliyoko London, karibu na jumba la mfalme, ni “St James’s Park”. Jina moja la mtakatifu mmoja, mikao mitatu. James ni mmoja, basi “James’” isikudanganye kwamba wapo wengi: majina ya umoja yanayoishia kwa s huruhusiwa kuandikwa kwa njia zote mbili, “James’s” au “James’”. Hapo hapo London kuna stesheni mbili za treni zinazofuatana, “Earl’s Court” yenye alama na “Barons Court” isiyo nayo.

Siku ya Mama ni kesi ya pekee, kwa sababu tunajua nani aliamua. Anna Jarvis, Mmarekani aliyeianzisha, alisisitiza iwe “Mother’s Day”, umoja, ili kila familia imkumbuke mama yake mmoja. Kwa hiyo bango la “Mothers’ Day” lina sarufi nzuri na jina baya. Siku ya Wanawake ni kinyume: wote kwa pamoja, “Women’s Day”. Kabla ya kusahihisha jina la taasisi au siku, fungua tovuti yake, nakili kama lilivyo, funga.

Dalili: kila kitu ni sahihi, lakini alama inaonekana ya ajabu

Hili si la sarufi, ni la vidole. Kwenye kibodi nyingi za Kimarekani alama sahihi iko karibu na Enter. Ile iliyo kushoto juu, chini ya Esc, ni nyingine, imelalia upande usiofaa, na ikikuzwa kwenye bango la mita tatu inaonekana kama mkwaruzo. Word hupinda alama yenyewe, na kwa kawaida huipinda vizuri inapokuwa nyuma ya herufi. Inapokuwa mwanzoni, kama kwenye ’90s, huigeuza kinyume. Andika alama mara mbili, kisha ufute ile ya kwanza.

Ikishindikana

Kuna minyororo isiyotibika. Mteja aliniletea “my parents’ neighbours’ children’s school’s bus”, na nilipopima kila kiungo kilikuwa sahihi. Tulikaa, tukaigeuza kwa Kiswahili: basi la shule ya watoto wa majirani wa wazazi wangu. Hata kwetu ilitukata pumzi. Nikamuuliza hilo basi limefanya nini. Akasema limeharibika, ndiyo sababu amechelewa kazini. Tukaandika “the school bus broke down”, nikamtoza mia mbili.